Karamu ya Mwisho ya Leonardo, Milano: dakika 15 zinatosha ukijua pa kutazama

Mona Lisa kule Paris unaweza kuitazama mpaka jumba lifungwe, mradi uvumilie msongamano. Karamu ya Mwisho ya Milano haiko hivyo. Unapewa dakika 15, mlango wa pili unafunguliwa, na kundi lenu linatoka ili jingine liingie. Wengi hutoka wakilalamika kwamba wameona kidogo. Ukweli ni kwamba dakika 15 ni nyingi kwa macho yanayojua kazi yake, na ni chache mno kwa mtu aliyeingia bila kujua ukuta ule umepitia nini. Tathmini hii inahusu huduma nzima: kupata tiketi, kuingia, kutazama, na kile ambacho wenyeji wa pale hawakuambii.

Mchoro wenyewe uko kwenye bwalo la watawa wa Kidominiko, pembeni mwa kanisa la Santa Maria delle Grazie. Leonardo da Vinci aliufanya kati ya mwaka 1495 na 1498 hivi, kwa agizo la Ludovico Sforza, mtawala wa Milano. Upana wake ni sentimita 880, kimo chake sentimita 460. Haukuwahi kuning'inizwa kama picha, maana umepakwa ukutani moja kwa moja, ukuta wa kaskazini, mahali ambapo watawa walikuwa wakila huku wakiwatazama Yesu na mitume nao wakila. Hautahamishwa kwenda kwenye maonyesho popote. Anayetaka kuuona ni lazima asafiri.

Kupata tiketi

Hapa ndipo wageni wengi hukwama, na kosa huwa la mapema sana. Watu hufika Milano wakidhani watanunua tiketi mlangoni kama ya makumbusho mengine. Siku nyingi haiwezekani, kwa sababu kila kundi lina watu wasiozidi 40 na nafasi zote huwa zimekwisha.

Tiketi za tovuti rasmi hufunguliwa kwa mafungu ya miezi mitatu mitatu, na za siku nzuri huisha upesi. Usipobahatika, kuna njia ya pili ambayo wengi hawaifahamu: kila Jumatano saa 6 mchana, kwa saa za Italia, huwekwa nafasi za ziada kwa wiki inayofuata. Nairobi na Dar es Salaam wakati huo ni saa 7 mchana Italia ikiwa katika majira ya joto, na saa 8 mchana ikiwa katika majira ya baridi. Fungua ukurasa robo saa kabla, uwe umeshaingia kwenye akaunti yako na kadi ya benki iko mkononi. Usichague saa moja tu ukaing'ang'ania; chukua yoyote iliyopo, kisha panga siku yako kuizunguka.

Jihadhari na saa zilizoandikwa kwenye tiketi. Ni za mtindo wa saa 24 wa Kizungu, kwa hiyo 14:30 ni saa 8 na nusu mchana. Aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili akisoma haraka anaweza kujikuta mlangoni kundi lake limeshatoka. Ukichelewa hurudishiwi pesa wala hupewi kundi jingine, kwa sababu kundi linalofuata nalo limejaa. Fika nusu saa kabla, ukabidhi mabegi kwenye makabati, kisha usubiri kuitwa.

Bei ya kawaida ya mtu mzima ni euro 15. Walio chini ya miaka 18 huingia bure, lakini nao lazima wawekewe nafasi. Mtoto asiye na tiketi atawazuia wazazi wake mlangoni. Majina ya wageni huandikwa kwenye tiketi, kwa hiyo beba pasipoti na uandike jina kama lilivyo humo. Jumatatu pamefungwa. Siku nyingine hufunguliwa saa 2 na robo asubuhi hadi saa 1 jioni. Mambo haya hubadilika, kwa hiyo pitia tovuti yao kabla ya kulipa.

Kwa msomaji anayetoka Afrika Mashariki kuna hesabu nyingine, nayo ni ya viza. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na maombi yanaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari. Tiketi ya Karamu hairudishwi. Ushauri wetu ni huu: usiinunue kabla viza haijatoka, hata kama roho inakudunda kwamba zitaisha. Pata viza kwanza, kisha tegemea ile Jumatano. Safari ikiwa na siku tatu au nne za Milano, na ukiwa tayari kuingia saa yoyote, nafasi ya kupata ni nzuri.

Wapo pia wauzaji wa tiketi pamoja na mwongozaji, kwa bei kubwa kuliko ya tovuti rasmi mara kadhaa. Si utapeli, kampuni hizo hununua nafasi za makundi kihalali. Lakini uliza jambo moja kabla ya kulipa: mwongozaji anaeleza wapi? Mzuri hueleza yote nje, uani au kanisani, na ndani anaonyesha kwa kidole tu. Mbaya anaanza hotuba mkiwa ndani, na ukija kushtuka dakika kumi zimekwenda ukiwa umemtazama yeye badala ya ukuta.

Kufika pale ni rahisi. Treni ya chini ya ardhi, njia nyekundu ya M1, inakushusha Conciliazione, na kutoka hapo ni mwendo wa dakika tano kwa miguu. Tramu namba 16 inasimama karibu na kanisa. Anayeteremka uwanja wa ndege wa Malpensa apande treni ya kwenda Cadorna. Kutoka kituo hicho anaweza kutembea kwa kama dakika kumi.

Kwa nini unapitishwa kwenye vyumba vya vioo

Kabla ya kuingia bwaloni unapita katika vyumba vidogo vya vioo ambavyo milango yake haifunguki yote kwa pamoja. Mlango wa nyuma ukijifunga ndipo wa mbele unafunguka. Baadhi ya wageni huona ni usumbufu. Huo ndio uhai wa mchoro. Kila mtu huingia na vumbi la nguo na viatu, na kila pumzi ni unyevu. Ukuta huu adui yake mkubwa tangu mwanzo ni unyevu, na sababu yake ni uamuzi wa Leonardo mwenyewe.

Anayejua nyumba za mawe za pwani, Lamu au Unguja, ataelewa haraka. Chokaa iliyopigwa lipu ikiwa bado mbichi hunywa hewa na kurudi kuwa jiwe taratibu. Mchoraji wa fresko hupaka rangi yake, iliyochanganywa na maji tu, juu ya lipu hiyo mbichi. Lipu inapokauka, rangi inafungwa ndani ya jiwe lenyewe. Haikai juu ya ukuta. Imekuwa sehemu ya ukuta. Ndiyo maana fresko hudumu karne nyingi.

Lakini fresko ina masharti. Unapiga lipu kipande cha kazi ya siku moja, unapaka, na jua likizama kipande hicho kimekwisha. Hakuna kurudi kesho kulainisha shavu au kuongeza kivuli. Leonardo hakuweza kufanya kazi hivyo. Matteo Bandello, ambaye mjomba wake alikuwa mkuu wa watawa pale, aliandika kwamba alimwona Leonardo siku nyingine akipaka tangu alfajiri hadi giza bila kula wala kunywa, kisha siku kadhaa hashiki brashi, anasimama tu na kuutazama mchoro kwa saa moja au mbili. Mtu wa namna hiyo alihitaji rangi inayomsubiri.

Basi akafanya ukuta kana kwamba ni ubao. Akauacha ukauke, akaupaka tabaka la kutayarisha, juu yake tabaka jembamba la rangi nyeupe ya madini ya risasi ili rangi zing'ae, halafu akapaka rangi zilizochanganywa na yai na mafuta. Akapata alichokitaka: vivuli laini, mng'ao kwenye sahani, ngozi inayoonekana kuwa na joto. Ila rangi hiyo ilikuwa imekaa juu ya ukuta tu. Unyevu ulipopenya kutoka nyuma, ilianza kuvimba, kupasuka na kubanduka vipande vidogo vidogo. Mwaka 1517 Leonardo akiwa bado hai, mgeni mmoja, Antonio de Beatis, alishaandika kwamba mchoro umeanza kuharibika. Ulikuwa haujatimiza miaka 20.

Ushahidi wa hayo yote umo katika chumba hichohicho, nao ndio sehemu ambayo huduma ya pale inashindwa vibaya kuielekeza. Ukuta wa pili, unaokabiliana na Karamu, una Kusulubiwa kwa Yesu, kazi ya Giovanni Donato da Montorfano ya mwaka 1495. Ni fresko halisi, umri wake karibu sawa na wa Karamu, hewa ni ileile, na rangi zake bado zina nguvu kiasi kwamba mtu anaweza kudhani ni za juzi. Watu 40 wanaingia, wote wanaipa mgongo.

Ifuate hadi chini, kwenye pembe zake mbili. Utaona maumbo ya watu waliopiga magoti, yamefifia kama doa la maji kwenye karatasi. Ni Ludovico Sforza, mkewe Beatrice d'Este na watoto wao, walioongezwa na Leonardo juu ya lipu iliyokwisha kukauka. Kila kitu kinachowazunguka, ambacho Montorfano alikipaka kwenye lipu mbichi, kipo. Wao karibu wametoweka. Hakuna bango wala kitabu kitakachokueleza kosa la Leonardo kwa uwazi kuliko pembe hizo mbili, na kuzitazama hakuchukui hata dakika mbili.

Namna ya kutumia dakika 15

Usianze kwa kupiga picha. Simu inaruhusiwa bila mwanga wa flashi, lakini taa za ndani ni hafifu na picha yako haitaizidi iliyoko kwenye kadi ya posta. Beba darubini ndogo ya mikono miwili, ile ya kukuza mara 8 inatosha. Kizuizi kinakuweka mita kadhaa kutoka ukutani na mchoro umeanzia juu ya vichwa vya watu, kwa hiyo macho matupu hayafikii mambo madogo.

Dakika mbili za kwanza simama katikati, mbali kidogo, uache macho yazoee. Mara nyingi kundi zima hukimbilia kwenye kizuizi. Nyuma kuna nafasi na ndipo chumba kinaonekana vizuri. Tazama jinsi kuta za mchoro zinavyoendeleza kuta za bwalo, mazulia ya ukutani yakipungua ukubwa kila upande kuelekea madirisha matatu ya nyuma. Madirisha halisi ya bwalo yako kushoto kwako. Sasa angalia mwanga uliochorwa: ukuta wa kulia ndani ya mchoro umeangazwa, wa kushoto uko gizani. Leonardo alipaka mwanga utokao kwenye madirisha hayo halisi, ili watawa waone kana kwamba chumba chao kinaendelea.

Kisha elekeza darubini kwenye paji la Yesu, upande ulio kushoto kwako. Pale kuna tundu dogo la msumari. Mistari yote ya dari na mazulia inakutana hapo. Leonardo alipigilia msumari ili kupata nukta moja, na kutoka hapo akachora mistari ya chumba chote. Lakini nukta hiyo iko juu sana kuliko macho ya mtu aliyesimama sakafuni. Ukihisi kwamba chumba cha mchoro hakifungamani sawasawa na cha kwako, huoni vibaya. Jicho ambalo chumba hicho kingelikalia sawa liko juu yako, zaidi ya mita 4 kutoka sakafuni.

Kuanzia hapo shika mikono. Yesu ametamka kwamba mmoja wao atamsaliti, na mchoraji amekamata sekunde chache baada ya neno hilo. Mitume wamegawanyika makundi manne ya watu watatu watatu, na habari inasambaa kama wimbi: walio karibu wanashtuka, walio mbali bado wanaulizana. Kutoka kushoto ni Bartholomayo, Yakobo mwana wa Alfayo na Andrea aliyeinua viganja viwili. Kisha Yuda, Petro na Yohana. Baada ya Yesu ni Tomaso na kile kidole chake juu, Yakobo mwana wa Zebedayo mwenye mikono wazi, na Filipo anayejigusa kifua. Mwisho Mathayo, Thadayo na Simoni.

Kaa na kundi la pili kwa muda mrefu kuliko mengine. Petro ameruka kutoka mahali pake kumnong'oneza Yohana, na kwa kuinama huko amemsukuma Yuda mbele. Mkono wa kulia wa Petro umekunjwa nyuma kiunoni na umeshika kisu. Kwa darubini utaona kifundo kilivyopindika. Yuda amebana mfuko wa fedha kwa mkono mmoja, mwingine unaelekea kwenye sahani, na mkono wa Yesu unaelekea upande huohuo. Uso wake ndio wenye giza kuliko zote. Wachoraji waliotangulia, kama Andrea del Castagno na Domenico Ghirlandaio kule Firenze, walimweka Yuda peke yake upande wa pili wa meza, msaliti anajulikana kabla hujauliza. Leonardo amemkalisha katikati ya wenzake. Lazima umtafute, kama wao wanavyomtafuta.

Huyo kijana asiye na ndevu kulia kwa Yesu, yaani kushoto kwako, ni Yohana. Kuna uvumi mwingi kwamba ni mwanamke. Wachoraji wa Italia wa wakati ule walimchora Yohana hivyo, mdogo kuliko mitume wengine na mwenye nywele ndefu, na ukiona Karamu za Firenze utamkuta na sura ileile.

Teremka mezani. Kitambaa kina mikunjo iliyopigwa pasi na urembo wa buluu. Sahani za bati zinaakisi rangi za nguo za walio mbele yake. Jambo hilo halikuonekana kwa karne nyingi, lilikuwa chini ya uchafu na rangi za mafundi wengine. Chini ya meza, katikati, kuna mlango uliozibwa. Watawa waliutoboa mwaka 1652 wapitishe chakula kwa urahisi, na miguu ya Yesu ikaenda nao.

Dakika zilizobaki zigawe kati ya nusu duara tatu za juu, zenye ngao za ukoo wa Sforza na mashada ya matunda, ambazo ni kazi ya Leonardo pia na karibu hakuna anayeinua kichwa, na ukuta wa Montorfano. Ikiwa muda ni mdogo, acha ngao.

Unachokitazama ni cha nani?

Mgeni ana haki ya kujua kwamba rangi anayoiona si yote ya Leonardo, na tungependa waeleze hilo mlangoni kwa herufi kubwa zaidi. Mwaka 1726 Michelangelo Bellotti aliupaka sehemu kubwa upya. Mwaka 1770 Giuseppe Mazza akaendelea kupaka juu ya nyuso mpaka watu wa mji wakapiga kelele akasimamishwa. Mwaka 1821 Stefano Barezzi alidhani ni fresko, akajaribu kuibandua ukutani, akaharibu sehemu kabla ya kutambua kosa, kisha akagandisha vipande kwa gundi. Usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 Agosti 1943 bomu liliangusha paa na ukuta mmoja wa bwalo. Ukuta wa Karamu ulisalia kwa sababu ulikuwa umekingwa kwa majukwaa na viroba vya mchanga.

Ukarabati wa mwisho uliongozwa na Pinin Brambilla Barcilon kwa zaidi ya miaka 20, na bwalo likafunguliwa tena Mei 1999. Timu yake ilitazama kila kipande kwa hadubini, ikaondoa rangi za waliotangulia palipowezekana, na pale ambapo hapakubaki kitu ikapaka rangi ya maji iliyotulia, inayoweza kuondolewa. Hivyo ukiona eneo limefifia na halina umbo la wazi, hapo Leonardo hayupo tena na mkarabati amekataa kukudanganya. Wapo waliokasirika kwamba mchoro umebaki na ukungu. Sisi tunaona walifanya sawa. Sura yenye nusu ya ukweli ina thamani kuliko sura kamili iliyopakwa na mtu mwingine miaka 300 baadaye.

Ndiyo sababu picha nyingi zinazoning'inia sebuleni kwa akina bibi, Kenya na Tanzania, zinang'aa kuliko mchoro wenyewe. Nyingi zimetokana na nakala na michoro ya kuchapwa, hasa ile ya Raphael Morghen ya mwaka 1800, iliyorudisha nyuso safi na miguu ya Yesu. Ukitaka kuona miguu hiyo na chumvi iliyomwagika mbele ya Yuda, nakala inayoaminika zaidi ni ile ya Royal Academy ya London inayohusishwa na Giampietrino, mwanafunzi wa Leonardo, ya takriban mwaka 1520, ingawa sehemu yake ya juu imekatwa.

Ukinunua nakala ya kupeleka nyumbani, beba hesabu hii: upana wa mchoro ni karibu mara 1.9 ya kimo. Nakala ya upana wa sentimita 100 iwe na kimo cha 52 hivi. Ya upana wa 60 iwe na 31. Ukiuziwa ya 60 kwa 40, basi imenyooshwa au imekatwa pembeni, na mara nyingi wanaopotea ni Bartholomayo na Simoni. Angalia pia katikati chini. Pakiwa na mlango, imepigwa kutoka ukutani. Pakiwa na miguu, ni nakala ya nakala.

Hukumu yetu

Ulinzi wa mchoro ni mzuri sana, mpangilio wa makundi unakwenda kwa saa, na bei ni ya haki ukilinganisha na gharama ya kutunza hewa ya chumba kile. Ununuzi wa tiketi ni mgumu kupita kiasi kwa mtu wa mbali, na maelezo ya ndani ni machache, hasa kuhusu ukuta wa pili. Mtu wa kiti cha magurudumu anaingia bila taabu. Familia zenye watoto wadogo wawaeleze mapema hadithi ya mikono. Mtoto anayemtafuta mwenye kisu hachoki ndani ya robo saa.

Ukitoka usiondoke haraka. Kanisa lenyewe ni bure, na kuba lake linalohusishwa na msanifu majengo Bramante ni kazi kubwa peke yake. Kumbuka tu kwamba mchana hufungwa kwa muda. Siku hiyohiyo, kama miguu inaruhusu, nenda Pinacoteca di Brera, jumba la sanaa la mjini humo. Humo mna Ndoa ya Bikira ya Raphael ya mwaka 1504 na Kristo Aliyekufa wa Mantegna, lakini kwa aliyetoka bwaloni muhimu zaidi ni Karamu ya Emau ya Caravaggio, ya mwaka 1606. Ni mafuta juu ya turubai, sentimita 141 kwa 175, Yesu yuko mezani tena, safari hii na wanafunzi wawili, mwenye nyumba ya wageni na mama mmoja mzee. Meza ina mkate na vitu vichache tu. Hapo hakuna wa kukuhesabia dakika, na unaweza kusogea karibu hadi uone jinsi brashi ilivyopita juu ya ukoko wa mkate.